Vijiti vya Bwana Perkins

Katika mchoro kuna wanaume wawili na mbwa mmoja. Mnene amekaa kitini, uso umemwiva, pua imevimba na kujaa vipele vya ulevi. Mwembamba amemsimamia, ameinama, macho yote yako kwenye ncha ya pua ya mwenzake, na mkononi ameshika kijiti cha chuma kilichochongoka. Pale kijiti kinapogusana na pua panaruka moto. Mbwa anabweka. Mezani kuna brandi, sukari, kiko na gazeti lililokunjuliwa. Ukutani imetundikwa picha ya Bacchus, mungu wa mvinyo wa Warumi, amepanda pipa. Ukilikaribia lile gazeti utaona mchoraji ameandika tangazo kwa herufi ndogo: fimbo ya uponyaji imewasili kutoka Amerika, inapatikana Leicester Square, inaponya pua nyekundu, vidole vya miguu vyenye jongo, matumbo yenye gesi, miguu iliyovunjika na vibyongo. Chini yake kuna ahadi nyingine, ya siri ya kugeuza madini yote kuwa dhahabu.

Mchoro unaitwa "Metallic Tractors", kwa kwetu tuseme vivutaji vya chuma. Aliyeuchora ni James Gillray, na ulitoka London tarehe 11 Novemba 1801 katika duka la Hannah Humphrey, mtaa wa St James's. Gillray aliishi ghorofani, juu ya duka hilohilo. Alichora kwa sindano kwenye bamba la shaba lililopakwa nta, tindikali ikala mistari, wino ukajazwa, karatasi ikagandamizwa, kisha wasaidizi wakapaka rangi kwa mkono nakala moja baada ya nyingine. Wenye fedha walinunua. Wasio nazo walisimama barabarani wakatazama kwenye dirisha la duka, na umati wa pale dirishani ulijulikana mji mzima.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kazi yangu yote nimeifanyia Tanga, na umeme ni sehemu ya kazi hiyo. Ninayo mashine ndogo yenye nyaya na vibandiko vya kunata. Unabandika pande mbili za panapouma, unafungua taratibu, na mkondo hafifu unapita kwenye ngozi kupunguza ukali wa maumivu. Wagonjwa wangu wanaiita shoti. Mzee akiingia nampa shikamoo, ananijibu marahaba, tunaulizana za nyumbani, na salamu zikiisha swali la kwanza ni, "Leo mwanangu utanipiga shoti?" Wako wanaoniambia maumivu yameanza kutulia wakati bado ninabandika vibandiko na swichi sijaigusa.

Kwa hiyo nilipoukuza mchoro wa Gillray kwenye kompyuta, mimi niliutazama mkono wa tabibu kwa muda mrefu kuliko pua ya mgonjwa. Ni mkono wa mtu aliyezama kazini. Amekishika kijiti kwa uangalifu, uso umekaza, hacheki, hatazami mfuko wa mteja. Wachoraji wa vibonzo kwa kawaida humpa tapeli jicho la ujanja, na Gillray alijua sana kulichora jicho hilo. Wanasiasa wa zama zake waliliona mara nyingi. Hapa hakulichora. Naamini alikuwa ameona jambo la kweli: watu wengi walioshika vijiti vile waliamini wanachokifanya.

Aliyevibuni ni Elisha Perkins, tabibu wa mji mdogo wa Plainfield, Connecticut. Alizaliwa 1741 na alikuwa daktari wa kawaida wa mashambani, mwenye heshima zake. Katika kupasua wagonjwa aliona misuli ikijikunja chuma kinapoigusa, na akadai maumivu hupungua metali ikipitishwa juu ya ngozi. Haikuwa fikra ya mtu aliyejitenga na elimu ya wakati wake. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alikuwa ametangaza kwamba miguu ya chura aliyekufa hurukaruka ikiguswa na metali mbili tofauti zilizounganishwa. Ulaya nzima ilikuwa ikikata vyura. Ikiwa metali mbili zinaweza kutingisha mguu uliokufa, kwa nini zisiweze kuvuta ugonjwa kutoka kwenye mguu ulio hai?

Perkins akatengeneza vijiti viwili, kila kimoja urefu wa kama sentimita 8, bapa upande mmoja na mviringo upande wa pili, ncha moja butu na nyingine kali. Kimoja kilikuwa na rangi ya shaba ya manjano, kingine ya chuma. Mwenyewe alisema ni mchanganyiko maalumu wa metali ambao siri yake anaijua yeye. Tabibu alivipitisha juu ya panapouma kwa muda wa kama dakika 20, akivuta kuelekea nje, kwenye ncha za viungo, ili majimaji mabaya ya umeme yatoke mwilini. Vilipewa hataza ya Marekani mwezi Februari 1796 na kuuzwa kwa dola 25 kwa jozi, fedha nyingi kwa zama hizo. Inasimuliwa kwamba George Washington naye alinunua. Chama cha madaktari cha Connecticut, ambacho Perkins alikuwa mwanachama wake, kilimfukuza mwaka 1797.

Sioni dalili kwamba alikuwa mwongo. Mwaka 1799 homa ya manjano ilipoingia New York, alikwenda kule na dawa yake nyingine, siki iliyotiwa chumvi, akawahudumia wagonjwa kwa wiki kadhaa mpaka homa ileile ikamuua. Mwizi angebaki Plainfield akihesabu dola.

Aliyeieneza biashara ni mwanawe, Benjamin Douglas Perkins, aliyevivusha vijiti mpaka London na kufungua ofisi Leicester Square. Bei ilikuwa gini 5 kwa jozi, yaani zaidi ya pauni 5. Nunua jozi, nenda nayo nyumbani, jitibu, tibu watoto, tibu watumishi. Huko Copenhagen madaktari walivijaribu hospitalini na kuviandikia kitabu. Huko London wenye vyeo waliandika barua za kuvishuhudia, na baadaye kukawa na taasisi ya hisani, Perkinean Institution, ya kuwatibu maskini kwa vijiti bila malipo.

Sasa nifike kwa mtu ambaye Gillray hakumchora, na ambaye bila yeye mchoro ule kwangu ungekuwa na thamani ndogo. Dakta John Haygarth alikuwa mzee mjini Bath, mji wa chemchemi za maji moto ambako wagonjwa wa baridi yabisi kutoka Uingereza nzima walikwenda kujitibu. Vijiti vya Perkins vilikuwa vimeingia Bath na kila mtu alivisifu. Haygarth hakuandika gazetini kuvitukana. Aliagiza vitengenezwe vijiti vya mbao, vikakatwa kwa umbo lilelile na kupakwa rangi vifanane na vile vya metali. Tarehe 7 Januari 1799, pamoja na mwenzake Dakta William Falconer, akavitumia hospitalini kwa wagonjwa 5 wenye maumivu sugu ya viungo: kifundo cha mguu, goti, kifundo cha mkono, nyonga.

Wagonjwa 4 kati ya 5 walisema wamepata nafuu papo hapo, na 3 kati yao nafuu kubwa. Mmoja alihisi goti lake limepata joto na akaweza kutembea vizuri kuliko awali, na akawaonyesha madaktari kwa furaha. Kesho yake wakatumia vijiti vyenyewe vya metali kwa wagonjwa walewale. Matokeo yakawa yaleyale.

Nimelisoma jaribio hilo mara nyingi, na kila mara ninasimama kwenye goti lile. Mimi nimeshika magoti ya watu maisha yangu yote. Najua mgonjwa anayeingia chumbani akiburuta mguu anavyobeba bega moja juu, anavyoshika ukuta, anavyonitazama usoni kabla hajakaa ili ajue kama leo kuna habari njema. Goti la yule mtu wa Bath liliuma kweli. Nafuu aliyoipata ilikuwa ya kweli pia, alitembea mbele ya macho ya watu. Kisichokuwa na kazi ni metali peke yake. Haygarth alilielewa hilo, na mwaka 1800 alipochapisha kitabu chake kidogo alikipa jina linalosema kwamba fikra za mtu huleta maradhi ya mwili na pia huyaponya. Hakuwadharau wagonjwa wale. Aliandika kwamba imani ya mgonjwa ina nguvu kubwa ambayo madaktari hawajaipima, na kwamba daktari mwenye sifa huponya zaidi kwa dawa ileile kuliko asiye na sifa.

Wengine wakafuata mfano wake. Katika hospitali ya Bristol, tabibu mpasuaji Richard Smith alitumia vitu vya ovyo zaidi, pamoja na kalamu za kuandikia kwenye ubao wa mawe na vipande vya viko, huku akifanya shughuli nzima kwa uzito wa sherehe, saa mkononi, dakika zikisomwa kwa sauti. Wagonjwa wakapona vilevile. Ningependa Gillray angekuwapo Bristol siku ile na bamba lake la shaba. Kiko cha udongo mkononi mwa mpasuaji, juu ya bega la mtu anayelia kwa shukrani: hakuna dhihaka inayoweza kupita picha hiyo, na isingehitaji kuongezwa kitu.

Wakati Gillray anakaa kuchora, mwezi wa Novemba 1801, kitabu cha Haygarth kilikuwa kimeshatoka. Mpangilio huo wa miaka ni muhimu, na ninataka kuushikilia, kwa sababu wengi wanaozipenda picha hizi huzipa heshima isiyo yake. Husemwa kwamba wachoraji waliwaumbua matapeli wa umeme. Nimezitafuta picha za namna hii za miaka kati ya 1780 na 1836 na kuziweka kwa tarehe, na ninaona mfuatano mwingine.

Mwaka 1783 ilitoka London picha iliyomwonyesha James Graham akipambana na mganga mwenzake, Katterfelto. Graham alikuwa Mskoti aliyejionea mambo ya umeme Philadelphia, akarudi London na kufungua mwaka 1780 Hekalu la Afya, lenye mitungi ya umeme, muziki na manukato. Baadaye akaweka kitanda chake mashuhuri chenye nguzo za kioo, ambacho wanandoa wasiopata watoto walikilipia pauni 50 kwa usiku mmoja. Picha ile inachekesha, lakini haikumfilisi mtu. Kilichomfilisi Graham ni gharama za kitanda chake na madeni. Baada ya hapo aligeukia tiba ya kuwafukia wagonjwa udongoni mpaka shingoni, na umeme akauacha.

Mwaka 1784 mambo yalikuwa tofauti huko Paris. Franz Anton Mesmer alikuwa akitibu kwa nguvu aliyoiita sumaku ya viumbe, ambayo haikuwa umeme hasa lakini katika fikra za watu ilikaa chumba kimoja na umeme. Mfalme aliteua tume, na ndani yake walikuwamo Benjamin Franklin, balozi wa Marekani, na mkemia Lavoisier. Katika bustani ya Franklin kule Passy, mvulana wa miaka 12 alifungwa kitambaa machoni na kuongozwa kwenye miti, mmojawapo ukiwa umetiwa nguvu hiyo na Deslon, mfuasi wa Mesmer. Kijana alizimia kwenye mti ambao haukuguswa. Ripoti ikatoka, na nyuma yake ikafuata picha: Franklin ameinua ripoti, miale inatoka kwenye karatasi, beseni la tiba limepinduka, na waganga wanatoroka wakipaa angani, mmoja juu ya ufagio. Mchoraji yule alijua amesimama juu ya nini. Alichora karatasi yenyewe ikifanya kazi.

Franklin huyu alikuwa na haki ya kuzungumza. Yeye mwenyewe alipelekewa wagonjwa wa kupooza kutoka pande zote za Pennsylvania ili awapige umeme. Aliwapiga. Katika barua yake ya Desemba 1757 kwa daktari John Pringle alieleza kilichotokea: siku za mwanzo kiungo kilipata joto na mwendo, mgonjwa akajaa matumaini, lakini baada ya siku ya 5 hakuona maendeleo zaidi, na wagonjwa wakakata tamaa, wakarudi makwao na hali ikawarudia. Akaongeza kwamba huenda ile nafuu ya mwanzo ilitokana na safari ya kila siku na moyo uliopata tumaini. Alikuwa mtu maarufu kuliko wote katika elimu ya umeme, na angeweza kuuza mitungi ya umeme kwa bei aliyotaka. Badala yake aliandika kwamba haoni faida ya kudumu. Ningetaka kila mwanafunzi wa fani yangu aisome barua ile kabla hajashika waya.

Basi, 1784 jaribio likatangulia, picha ikafuata. 1801 jaribio likatangulia, picha ikafuata. Mwaka 1802 Gillray akachora tena juu ya tiba mpya, na safari hii hakuwa na Haygarth wa kumtangulia.

Mchoro huo ni "The Cow-Pock", uliotoka tarehe 12 Juni 1802, miezi 7 tu baada ya pua ya brandi. Uko katika hospitali ya ndui ya St Pancras. Katikati amekaa mwanamke aliyeogopa, na Edward Jenner anamkata mkononi kwa kisu kidogo. Kijana amebeba ndoo ya ndui ya ng'ombe. Upande wa kulia wamejaa watu waliokwisha kuchanjwa, na miilini mwao wanachipuka ng'ombe: ng'ombe anatoka kwenye paja, ng'ombe anatoka sikioni, mwanamke anatoa mmoja mdomoni. Ukutani ipo picha ya watu wanaoabudu ndama wa dhahabu, kama vile katika mchoro wa vijiti ukutani yupo Bacchus. Mpango ni mmoja, mkono ni mmoja, ustadi ni uleule. Kama ni kucheka, mimi nauona mchoro wa ng'ombe unachekesha zaidi.

Na Jenner alikuwa sahihi. Mwaka 1796 alimchanja mtoto wa mtunza bustani wake kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, kisha akamjaribu kwa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Marehemu mama yangu alikuwa na kovu la chanjo hiyo begani, kovu pana lenye mikunjo ambalo sisi watoto tulipenda kulishika. Watu wa rika lake wengi wanalo. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida aliugua hapa kwenye mwambao wetu wa Afrika Mashariki, mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alikuwa mpishi wa hospitali, na alipona. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka.

Wapo wanaomtetea Gillray. Jina kamili la mchoro linataja machapisho ya chama cha wapinga chanjo, kwa hiyo huenda aliokuwa akiwacheka ni wapinzani wenyewe na hadithi zao za watu kuota pembe. Inawezekana. Lakini mtu aliyesimama nje ya dirisha la Bi Humphrey na mtoto mgongoni hakusoma yale maandishi madogo. Aliona ng'ombe akitoka sikioni mwa mtu. Picha hiyo imeendelea kuchapishwa kila mahali inapozungumzwa hofu ya chanjo, miaka zaidi ya 200.

Ndiyo maana nasema mchoraji ni shahidi mzuri na hakimu mbaya. Anakuonyesha jinsi tiba ilivyoonekana chumbani: nani alikaa, nani alisimama, kulikuwa na nini mezani, bei ilikuwa ya watu gani, mgonjwa aliogopa kiasi gani. Mambo hayo vitabu vya madaktari havikuyaandika, na mimi nayathamini mno. Hakuna maelezo ya Benjamin Perkins yanayoniambia kama ule mchoro kwamba mgonjwa mwenyewe ndiye anayelewa na hataki kuacha, na kwamba kijiti kinaelekezwa kwenye pua wakati tatizo liko kwenye chupa. Hapo Gillray aliona mbali kuliko Haygarth. Lakini kama kijiti kinaponya au hakiponyi, kalamu yake haikuwa na njia ya kujua.

Dhihaka yenyewe ilikuwa tayari kumtumikia yeyote. Mwaka 1803 Mmarekani aliyekuwa London, Thomas Green Fessenden, alitoa shairi refu la kejeli lililowashambulia madaktari waliopinga vijiti. Vijiti vikawa na mcheshi wao. Mwaka huohuo Giovanni Aldini, mpwa wa Galvani, aliuunganisha umeme na maiti ya George Foster, aliyenyongwa kwenye gereza la Newgate kwa mauaji. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, na tangu hapo maiti inayoamshwa kwa umeme ikawa mali ya wachoraji wa siasa. Kufikia 1836 huko New York walimchora mhariri wa gazeti la chama cha Rais Jackson akiinuka jenezani kwa umeme. Tiba ilikuwa imeshasahauliwa humo.

Narudi kwa Benjamin Perkins, kwa sababu alikuwa na jibu, na jibu lake lilinisumbua kuliko vibonzo vyote. Alipoambiwa kwamba vijiti vyake vinafanya kazi kwa imani ya mgonjwa tu, alisema: na watoto wachanga je? Na farasi? Kitabu chake cha mwaka 1800 kilibeba visa 250, na jina lake lenyewe linawataja binadamu na wanyama pamoja. Farasi aliyekuwa akichechemea alipitishiwa vijiti, akapata nafuu. Mtoto wa kunyonya aliyekuwa akilia usiku alipitishiwa, akalala. Farasi hajasoma gazeti. Mtoto hajui gini 5 ni nini. Imani wameipata wapi?

Swali hilo ni zuri, na kwa muda mrefu sikuwa na la kusema juu yake, mpaka nilipoanza kufanya kazi na watoto wenye mtindio wa ubongo. Watoto hawa huletwa na mama zao, wakati mwingine bibi zao, kwa daladala, mtoto mwenye shingo isiyokaza amelazwa mapajani safari nzima. Mama anayebeba mtoto hivyo kwa miaka hununua kila anachouziwa. Nimeletewa mikanda ya sumaku, bangili, mkeka unaochomekwa ukutani kwenye umeme. Nimeletewa karatasi za kipimo cha mwili mzima, kile cha kumshikisha mtu chuma kimoja mkononi na kompyuta ikatoa kurasa za maradhi yake. Wauzaji wengi ni vijana wa kawaida waliopewa semina, na wengine wamewanunulia mama zao wenyewe kifaa hichohicho.

Siku moja mama mmoja aliniambia kwamba tangu amlaze mwanawe kwenye mkeka ule, mtoto anakaa. "Dada, anakaa mwenyewe. Nimemwona." Alikuwa na machozi. Mtoto hakuwa na imani yoyote na mkeka, kama farasi wa Perkins. Nikafungua faili lake. Kila wanapokuja ninamketisha mtoto kwenye godoro, mikono yangu ikiwa karibu bila kumgusa, na ninahesabu sekunde kabla hajaanguka upande, mara tatu, na ninaandika. Mama alikaa kando yangu, na safari hii nikampa yeye saa ahesabu.

Alihesabu 4. Akahesabu 6. Akahesabu 4. Tukatazama kurasa za nyuma pamoja, zile za kabla ya mkeka: 5, 4, 6. Alikaa kimya na saa mkononi. Kisha akaniuliza yale mazoezi ya shingo yanafanywaje, yale ya kumlaza mtoto kifudifudi juu ya kanga iliyoviringwa, na kama anaweza kuyafanya asubuhi kabla hajaenda sokoni au ni lazima yawe jioni.